Lami kwa Gari ya Bibi Harusi

Kungoja mimi siwezi. Mtu akiniambia ngoja kidogo, miguu inaanza kuniwasha na mikono inatafuta kitu ya kushika. Kule kwetu Usenge, omena, wale samaki wadogo wa ziwa, ikishaanikwa wenzangu wanakaa kivulini wanapiga stori mpaka ikauke. Mimi hapana. Mimi nazunguka, nageuza, nafukuza ndege, nageuza tena, mpaka wanasema omena yangu haikauki na jua, inakauka na kizunguzungu. Sasa fikiria mtu kama mimi anaambiwa asimame kando ya gari, asiguse, angoje mafuta ifanye kazi, na hapo kazi ya mtu iko karibu kupotea. Wacha niwaambie.

Msichana wangu wa mwisho alikuwa amejifungua kule Manyatta, Kisumu. Mtoto wa kwanza, msichana. Simu ilikuja jioni, na kukicha nilikuwa nimefunga kila kitu: omena kwa gunia, ndizi, unga ya wimbi ya uji, rundo la nepi mpya za pamba, na kuku mmoja mwekundu, mnono, wa kumpikia mzazi supu. Shida ilikuwa moja tu. Mwenye alikuwa anakuja kunichukua ni mkwe wangu, bwana ya huyo msichana.

Mnajua sisi Waluo na mambo ya mkwe. Mimi kwake ni maro, yaani mama mkwe, na maro ni mtu mzito. Hatushikani mikono. Hatuangaliani machoni. Hatuli pamoja. Akinikuta kwa njia anapita kando, na mimi naangalia migomba kama mtu hajawahi kuona mgomba. Sio ati tunachukiana. Hiyo ndio heshima yenyewe. Na kubwa kuliko yote, mkwe hawezi kuambia maro wake hapana. Nikisema hili jiwe ni mkate, yeye ataenda kutafuta chai.

Huyu kijana ni dereva. Bosi wake ako na yadi ya magari ya harusi, zote nyeupe, zinafungwa maua na kubeba maharusi. Kabla ya mtoto kuzaliwa, kijana aligonga lango ya kanisa, kioo ya pembeni ikavunjika. Bosi akamwambia mbele ya madereva wote: kitu ingine ikitokea kwa gari yangu, hata mkwaruzo, weka funguo mezani uende. Msichana wangu aliniambia hiyo maneno kwa simu akilia, tumbo iko hapa mbele. Kwa hivyo nilijua. Bosi naye, kusikia mtoto amezaliwa, roho yake ikalegea, akasema sawa, enda na gari uchukue mama mkwe wako asubuhi, lakini saa nane iwe hapa kwa yadi inang'aa, kuna bibi harusi anangoja.

Basi kijana akafika Usenge. Yawa, hiyo gari! Nyeupe kama maziwa, mpaka kuku zangu zilikuja kujiangalia kwa mlango. Nikaingia nyuma na mizigo, kuku wangu mwekundu kwa mapaja. Kijana akasalimia usukani, akasema mama habari ya asubuhi. Mimi nikajibu dirisha, nikasema nzuri. Halafu akanyoosha mkono akageuza ile kioo ya ndani ikaangalia juu, asije akaniona kwa bahati mbaya. Nikampenda zaidi hapo hapo.

Tukaenda vizuri mpaka tukapita Bondo. Huko mbele, kabla ya Maseno, barabara ilikuwa inatengenezwa. Walikuwa wamemwaga lami mbichi upande mmoja, bado inang'aa na jua, bado inanuka. Mama mmoja mwenye bendera akatusimamisha, akainama kwa dirisha, akaambia kijana aende polepole sana kwa sababu lami haijashika. Kijana akasema sawa mama. Akaanza kwenda. Nawaambia, tulikuwa tunapitwa na mtu amebeba kuni.

Mimi nilikuwa na mjukuu hajanijua. Nilikuwa na kuku anahema. Lakini siwezi kuambia mkwe ongeza mwendo, tunaongea aje? Nikaongea na kuku.

"Kuku yangu," nikasema, "hii ndio safari gani? Tutafika mtoto ameanza shule."

Kijana akaangalia barabara. Lakini niliona shingo yake imesikia. Nikakohoa. Gari ikaongeza kidogo. Ah, nikasema, kumbe dawa ni hii. Nikakohoa tena, kikohozi ya mtu mkubwa, gari ikaongeza. Nikakohoa mpaka tukawa tunakimbia kabisa. Huko chini nikasikia tak, tak, tak-tak-tak, kama mahindi inaruka kwa sufuria. Nikafikiri ni changarawe. Mimi nilikuwa na furaha yangu, nimeegemea kiti, upepo unaingia, nasema huyu kijana anajua kazi.

Tulifika Manyatta jua haijafika juu sana. Mimi sikungoja hata gari isimame vizuri. Kuku huku, nepi kule, mbio mpaka ndani. Msichana wangu alikuwa kwa kitanda karibu na dirisha. Siku zake za kukaa ndani hazijaisha; kwetu mama mzazi hatoki nje mpaka mtoto atolewe kwa utaratibu wake. Akanipatia mtoto. Nikamshika huyo mtu mdogo, nikamnusa, nikamwimbia, nikamwambia watu wote wa Usenge wanakusalimia, hata wenye sikuwaambia.

Halafu nikaona huko nje kumenyamaza. Mizigo haiingii. Nikachungulia kwa dirisha. Kijana amechuchumaa kando ya gari, mikono kwa kichwa.

Chini ya milango, nyuma ya magurudumu, mpaka karibu na mahali pa kufungulia mlango, kulikuwa na nukta nyeusi. Ndogo ndogo, nyingi, kama macho ya omena yametupwa kwa maziwa. Upande huu na upande ule.

Msichana wangu akanyoosha shingo juu ya bega langu. Akaangalia, akarudi akakaa.

"Hiyo ni lami," akasema. "Mama, leo wanamfuta kazi."

Mimi nikamrudishia mtoto nikatoka nje. Nifanye nini ndani? Kijana kuniona nakuja upande huu, akahamia upande ule. Nikaenda upande ule kuona ukubwa wa shida, akarudi upande huu. Tukazunguka hiyo gari kama watoto wanacheza, hakuna mwenye anacheka. Mwishowe nikasimama mbele ya gari, yeye akasimama nyuma, na msichana wetu pale dirishani akawa kama posta, anachukua neno huku anapeleka kule, hata kama sote tunasikia.

"Mwambie tukwangue na kisu," nikasema.

"Anasema mkwangue na kisu," msichana akasema.

Kijana akaangalia viatu vyake. "Mwambie mama asante."

Nikangoja aende achukue kisu. Hakuenda. Nikasema basi tumwage petroli tusugue, lami na petroli ni ndugu, itatoka. Akasema mwambie mama asante. Nikasema basi twende ziwani. Zamani kule ukingoni watu walikuwa wanaingiza gari ndani ya maji mpaka mlangoni, wanaosha mpaka inatoka mpya. Sasa wamekataza, lakini nilijua kuna mahali pa kujificha. Akasema mwambie mama asante sana.

Sasa mimi nilikuwa nachemka. Jua inapanda, saa nane inakuja, na huyu mtu ananishukuru tu. Yeye akaenda kwa mlango, akasimama nje, akaanza kumwambia msichana kitu pole pole, nikasikia mafuta, nikasikia mtoto, nikasema sasa huu ndio wakati wa kuuliza mafuta ya mtoto? Macho yangu ikaona kwa karai ya vyombo ile waya ya kusugua sufuria. Na jiko iko hapo, na jivu iko ndani. Hiyo ndio tunatoa nayo masizi tangu niolewe. Nikapiga magoti kando ya mlango wa nyuma, nikachovya waya kwa jivu, nikaanza.

Kijana akarudi. Nikaona miguu yake imesimama karibu, mkono mmoja una chupa ya mafuta ya mtoto. Akakohoa.

Nikasema ndani yangu, aha, ameona naweza, anasema niongeze. Si ni mimi nilimfundisha hiyo lugha kwa barabara? Nikaongeza. Akakohoa tena, kwa nguvu. Nikaongeza kwa nguvu. Akakohoa mpaka nikafikiri amemeza nzi, na mimi nasugua mpaka kitambaa ya kichwa inaanguka.

"Mama, acha," msichana akapiga kelele kutoka dirishani. "Acha, acha, unamaliza gari."

Nikainua mkono. Ile nukta ya lami ilikuwa hapo hapo, imenyamaza kama mwenye nyumba. Rangi yenye ilikuwa imeizunguka ndio ilikuwa imeondoka mng'aro, mahali pana kama kiberiti, imekuwa na ukungu, na mikwaruzo inapita ndani kama njia za mchwa.

Kuku akalia.

"Kwa nini hakusema?" nikauliza msichana. "Alikuwa amesimama hapo. Kwa nini hakusema?"

"Angesema aje? Wewe ni maro wake." Akamlaza mtoto begani. "Hata ile lami, mama, ameniambia. Aliambiwa aende polepole, na wewe ukakohoa. Angefanya nini? Bosi akisema hapana anaelewa. Wewe ukikohoa anakanyaga mafuta."

Nilisimama na hiyo waya mkononi. Nikaiangalia. Nikaangalia mgongo wa kijana, kwa maana alikuwa amegeuka, na mabega yake ilikuwa imeshuka kama mtu amebeba maji kutoka mbali. Nikaona huyu mtoto wa watu ataenda kufutwa kazi, na mtoto mchanga yuko ndani, na kila kitu ataniambia ni asante. Heshima ni kitu nzuri, lakini hiyo siku ilikuwa inataka kutula sisi sote.

Nikatupa waya kwa karai. Nikajifunika lesso kichwani mpaka machoni, nikageuka nikaangalia mabati ya nyumba ya jirani, pua karibu iguse.

"Baba," nikasema kwa nguvu, "mimi naangalia mabati. Sikuoni na hunioni. Ongea na gari yako, uiambie kila kitu. Mimi hapa ni mtu anapita tu."

Nilihesabu misumari ya mabati ndio nisigeuke. Halafu nikasikia amepiga gari mkono kidogo, kama mtu anapapasa ng'ombe.

"Gari," akasema, "kuna mtu anakupenda sana, lakini anakuumiza."

Msichana akacheka kule dirishani, akajifunga mdomo. Mimi nikauma lesso.

"Endelea," nikaambia mabati.

Basi akaongea, na nilishangaa, huyo mtu ana maneno. Akaambia gari ati kwanza itatoka kwa jua iingie kivulini, kwa sababu bodi ikiwa moto, mafuta inakauka kabla ifanye kazi. Akaiambia itaoshwa vumbi yote kwanza na maji mengi na ile sabuni yake ya gari, kwa sababu ukipangusa lami na mchanga iko juu, mchanga ndio inakwaruza, sio lami. Ati kuna dawa ya lami ya chupa, nzuri, lakini iko kwa yadi, na kwenda yadi na hizi nukta ni kujipeleka. Mafuta ya mtoto itasaidia, inachelewa tu. Inawekwa kwa pamba laini, pamba inalazwa juu ya lami, inaachwa. Lami inalegea yenyewe. Halafu inapanguswa bila kufinya, na ukipangusa mara moja unageuza upande safi. Hakuna kisu. Hakuna petroli, petroli inakula mng'aro. Hakuna jivu.

"Na ile waya," akaambia gari, halafu akameza mate, "ile waya, gari, isikuje karibu na wewe tena maisha yako yote."

"Gari imesikia," nikasema.

"Na huyo mtu, kama anaweza, aache mafuta ifanye kazi. Asiguse."

Hapo ndio shida ilikuwa. Asiguse.

Tukaanza. Akasukuma gari kivulini, ndoo na sabuni zilikuwa kwa buti, kule nyuma ya gari, akaosha. Akatafuta kitambaa. Zile za gari zilikuwa zimeanguka chini zimejaa mchanga. Za jirani moja ina vifungo, ingine ni ya nailoni. Nikaona anaangalia huku na huku, nikakimbia ndani nikatoa zile nepi.

"Za mtoto?" msichana akauliza.

"Mtoto atakojoa kwa lesso yangu. Kwani ana harusi leo?"

Kijana hakuchovya na kupaka tu. Kwanza akajaribu chini kabisa ya mlango, mahali hakuna mtu anaangalia, akangoja, akapangusa, akaona rangi iko sawa. Halafu ndio tukalowesha nepi, tukazibandika juu ya zile nukta, upande wake na upande wangu. Gari ikakaa pale na vitambaa mwilini kama mtoto mwenye homa.

Halafu tukangoja.

Nawaambia, nilifagia uwanja wote. Nikafagia na wa jirani. Nikafunga kuku, nikamfungua, nikamfunga mahali pazuri zaidi. Nikaenda kuangalia mtoto, nikarudi, nikainama kwa nepi, mkono ukaanza kwenda wenyewe.

"Gari, bado," kijana akasema upande ule.

Alijuaje? Hata hakuwa ananiona. Nikarudisha mkono. Nikafagia tena mahali nilikuwa nimefagia, mpaka mama mwenye kuuza mandazi nje ya lango akaniuliza kama tunatarajia mgeni wa serikali. Akauliza pia kwa nini mimi na yule kijana tunaongea na gari, tumekosana? Nikamwambia hapana, ni mkwe wangu. Akasema ah, kumbe, akarudi kwa mandazi yake.

"Gari," kijana akasema, "sasa."

Nikatoa nepi ya kwanza pole pole, nikapitisha mara moja bila kufinya. Yawa. Ile kitu ikateleza ikaja yote kwa pamba, nyeusi, inang'aa, na chini yake rangi nyeupe kama hakuna kitu imewahi kutokea. Nilitaka kupiga kigelegele, nikakumbuka mtoto amelala. Nikageuza upande safi, nikachukua ingine, na ingine. Zingine zilikataa, nikaambiwa kupitia gari nizirudishie mafuta niache. Nikaacha. Sikupenda, lakini niliacha. Yeye kule, mimi huku, gari katikati yetu, hatuonani, na nepi moja moja zinageuka kuwa nyeusi.

Nukta zikaisha. Akaosha tena na sabuni kutoa mafuta yote, akakausha, akapaka nta yake, akapangusa mpaka unaweza kujichana nywele kwa mlango. Halafu akakuja kwa ile mahali yangu. Nilimwachia nafasi, nikaenda kwa mabati. Nikasikia anasugua na polishi, kidole kinazunguka, kinazunguka, muda mrefu. Nikachungulia kwa kona ya lesso. Ukiwa umesimama mbele hakuna kitu. Ukienda kando, jua ikapiga, ukungu uko hapo, na mistari yake.

Yeye pia aliona. Akafunga chupa, akaangalia saa, akaingia kunawa.

Mimi nikachukua kiatu changu. Nilikuwa nimeshafanya uamuzi. Alipotoka na funguo akanikuta nimeshafungua mlango wa nyuma, mguu mmoja ndani. Nikaambia msichana amwambie naenda na yeye kwa yadi, nitamweleza bosi mwenyewe ni mkono wa nani.

Msichana hakupata nafasi ya kupeleka neno. Kijana aliniangalia. Machoni, sawa sawa, mara ya kwanza tangu alipe mahari.

"Hapana, mama," akasema. "Siwezi kupeleka maro wangu kwa kesi."

Halafu akaogopa. Na mimi nikaogopa. Tukaangalia chini wote wawili, kama tumevunja chungu ya watu. Nikatoa mguu. Akafunga mlango vizuri, bila kupiga, akaondoka.

Sasa ndio nilijua kungoja ni nini. Ile ya nepi ilikuwa mchezo. Nilikaa kwa kitanda, nikasimama. Nikapika uji, nikasahau chumvi, halafu nikakumbuka uji wa mzazi hautaki chumvi. Msichana wangu alikuwa ananyonyesha na simu kwa paja, haiangalii, lakini macho yake yanarudi hapo tu. Mtoto peke yake alikuwa anakula bila wasiwasi.

Saa nane ikapita. Msichana akashindwa, akapiga. Simu ikashikwa, lakini hakuna mtu alisema halo. Nafikiri kijana alibonyeza tu akaiacha mkononi. Msichana akaweka yetu kwa spika. Tukasikia watu, muziki wa mbali, halafu sauti ya mwanaume mkubwa iko karibu sana.

"Nimesema nani amefanya hii?"

"Ni mimi, Mzee," kijana akasema.

"Wewe? Wewe mwenye unaosha gari kama mtu anaosha macho? Unasugua gari yangu na waya?"

"Ni mimi."

"Nilikuambia nini juu ya funguo?"

Mimi sikungoja. Kijana alisema hapana kwa kwenda yadi, hakusema hapana kwa simu. Nikachukua ile simu kutoka kwa paja.

"Wewe bwana mwenye magari," nikapaza sauti, "hebu niangalie. Yaani, nisikilize."

"Nani huyo?" akauliza.

"Mimi ni maro wake. Hiyo alama ni mkono wangu. Waya ni yangu, jivu ni yangu. Na lami pia ni yangu, kijana alikuwa anaenda polepole, mimi nikakohoa."

"Ulikohoa?"

"Nilikohoa sana."

Nikasikia anapumua. "Na wakati unasugua, mama, yeye alikuwa wapi?"

"Amesimama hapo."

"Na hakukuzuia?"

"Wewe ni Mluo?" nikamuuliza.

"Mimi ni wa hapa hapa."

"Basi niambie. Maro wako akishika kitu yako, wewe unamzuia?"

Msichana wangu alikuwa ameshika mguu wa mtoto kwa nguvu, mpaka mtoto akalalamika kidogo.

"Mama," ile sauti ikasema, na sasa ilikuwa chini, "maro wangu alipigia suti yangu pasi asubuhi ya harusi yangu. Akachoma mgongo. Nilivaa hivyo hivyo mpaka kanisani. Siku yote sikugeuka."

"Si unaona," nikasema.

"Naona. Lakini bibi harusi hawezi kupanda hii. Kuna watu wa picha, wanapiga kutoka kando. Ataenda na gari ingine na dereva mwingine."

"Na funguo?"

"Funguo akae nayo. Atabeba mashangazi wa bibi harusi. Na Jumatatu anapeleka hii gari kwa fundi wa rangi, na anasimama hapo mpaka ikwishe, kwa siku yake ya kupumzika."

Nilitaka kumshukuru, lakini alikuwa ameshaanza kupigia mtu mwingine kelele juu ya maua. Simu haikukatwa. Nafikiri kijana aliisahau kwa mfuko, kwa sababu sauti zikawa za ndani ya nguo. Tukasikia milango inafunguka, na wamama wanaingia, wengi kuliko viti, mmoja anasema songa, mwingine anasema nisonge wapi, nikalie usukani? Wakabanana, wakacheka, gari ikawashwa.

Halafu mama mmoja akanusa. Tulisikia kabisa anavyonusa.

"Dereva," akasema, "hii gari inanukia mtoto mchanga. Kwani umezaa?"

"Ndio, mama," mkwe wangu akasema, na hiyo sauti sikuwa nimewahi kuisikia kwake. "Msichana."

Wale mashangazi wakapiga vigelegele mpaka spika ya simu ikakwaruza, na mjukuu wangu akaamka.